Kujaza upepo tairi usiloliona: ndege ndogo na vifuniko vya magurudumu

Mwendesha boda wa Kampala akilishuku tairi la nyuma huinama, akalibonyeza kwa kidole gumba, na likiwa limelegea humtafuta fundi wa pancha aliye karibu. Rubani wa ndege ndogo, tuseme Cessna 172 iliyoegeshwa Kajjansi, kiwanja kidogo cha ndege kati ya Kampala na Entebbe, ana matairi matatu tu, na valvu zake ni za aina ile ile ya magari na bodaboda. Lakini kama ndege yake imevalishwa vifuniko vya magurudumu, yale maganda ya faibaglasi yenye umbo la tone la maji ambayo wengine huyaita spati, kidole gumba hakifiki popote. Sehemu ya tairi anayoiona ni ukanda mwembamba unaochungulia chini ya kifuniko. Valvu haioni kabisa.

Hapo kazi ndogo hugeuka kero, na kero huzaa kuahirisha. Leo tairi linaonekana zima, kesho linaonekana zima, wiki inapita. Kwa maoni yangu adui mkubwa wa matairi haya ni hiyo kero yenyewe. Pancha hujitangaza, tairi linalopoteza upepo kidogo kidogo ndani ya kifuniko halimwambii mtu lolote mpaka siku ndege inapotua. Kwa hiyo makala haya yatakaa zaidi kwenye namna ya kulifikia tairi na kulipima kwa usahihi, kwa sababu rubani anayejua njia rahisi hapimi kwa kusukumwa.

Kifuniko kinafanya nini pale

Ndege ambayo miguu yake haikunjwi hubeba magurudumu nje safari nzima. Gurudumu, breki na ekseli vina kona nyingi, na kila kona huvuruga mkondo wa hewa na kuirudisha ndege nyuma. Kifuniko hulainisha mkondo huo. Faida yake kwenye Cessna 172 ni ya wastani: kitabu cha ndege cha modeli ya N kinaikadiria kuwa noti 2, yaani chini kidogo ya kilomita 4 kwa saa. Kwenye ndege zenye kasi kubwa zaidi, kama za Cirrus, faida hupanda, kwa kuwa ukinzani wa hewa huongezeka kwa mraba wa kasi.

Noti 2 ni chache, lakini majedwali ya mwendo katika kitabu hicho yamepigiwa hesabu ndege ikiwa na vifuniko. Anayevitoa amebadilisha kidogo mwendo wa ndege, uzito wake na mahali uzito unapoegemea, na mabadiliko hayo lazima yaandikwe kwenye kumbukumbu za ndege. Tutarudi kwenye jambo la kuvitoa, maana kwa viwanja vya Uganda lina uzito wake.

Jicho linavyodanganywa

Tairi lisilofunikwa hujieleza. Likipungua upepo ubavu wake huvimba pale linapogusa ardhi, na macho yaliyozoea huona. Kifuniko hulificha eneo hilo lote la ubavu, kisha hubakisha wazi sehemu ya chini ambayo hata kwenye tairi zima huwa imebonyea kidogo kwa uzito wa ndege.

Wapo wanaotazama nafasi iliyo kati ya ukingo wa kifuniko na ardhi. Wazo hilo lina mantiki: tairi likilegea, ndege hushuka, na kifuniko hushuka nacho. Kama upande wa kushoto uko chini kuliko wa kulia, hiyo ni sababu tosha ya kutafuta geji. Shida ni kwamba nafasi hiyo hubadilika kwa mambo mengine pia. Mafuta yakiwa mengi kwenye bawa moja, upande huo huinama. Ardhi ya kuegeshea ikiwa na mteremko, hali ni hiyo hiyo. Miguu ya nyuma ya Cessna ni vyuma vinavyonesa: ndege ikitoka kutua na kusimama miguu huwa imetanuka kwa namna moja, ikisukumwa kinyumenyume kuingizwa bandani hujikusanya kwa namna nyingine. Na matairi yote mawili yakipungua kwa pamoja, ambalo ndilo jambo la kawaida yakiwa na umri mmoja, hakuna upande wa kulinganisha.

Mbele kuna mtego mwingine. Pua ya ndege ikionekana imeshuka, tairi laweza kuwa halina kosa. Mguu wa mbele wa Cessna 172 una shokapu ya mafuta na hewa, na shokapu hiyo nayo ina valvu inayofanana na ya tairi. Kwenye modeli ya N hujazwa psi 45 (psi ni kipimo cha presha, ratili kwa inchi ya mraba), ilhali tairi la mbele la ndege hiyo hiyo hujazwa psi 31. Mtu anayepapasa gizani na kubonyeza valvu ya shokapu akidhani ni ya tairi atashusha pua ya ndege, na propela itakaribia ardhi. Kwa hiyo kabla ya kugusa valvu yoyote kwenye mguu wa mbele, ifuate kwa macho mpaka uone inaingia wapi.

Tairi lililopungua linaharibikaje

Dereva wa gari huona upepo mdogo kama jambo la kula mafuta na kuchakaza tairi pembeni. Kwenye ndege madhara huanzia kwingine. Ndege inapogusa ardhi, magurudumu huwa yamesimama. Cessna 172 hugusa ikiwa na mwendo wa takriban kilomita 90 kwa saa, kwa hiyo katika kufumba na kufumbua ardhi hulikamata tairi na kulilazimisha lizunguke kwa mwendo huo. Tairi huanza kuzunguka kabla ya rimu. Kinachoifanya rimu ifuate bila kuchelewa ni mbano wa tairi juu yake, na mbano huo huletwa na upepo ulio ndani.

Upepo ukiwa mdogo, tairi huteleza juu ya rimu. Kidogo tu, pengine milimita chache kwa kila kutua. Ndege nyingi ndogo hutumia tyubu, na tyubu hufuata tairi. Valvu haiwezi kufuata, kwa sababu imepenya kwenye tundu la rimu. Huanza kulala upande mmoja. Siku zikipita, shina la valvu hukatika pale linapoungana na tyubu, na upepo wote hutoka kwa mara moja, mara nyingi ndege ikiwa inakimbia kwenye njia ya kutua. Ndege huvutwa upande ule. Kifuniko, ambacho sasa hakina tairi la kukibeba, hukwaruza ardhi, hupasuka, na vipande vyake vyaweza kukwama kati ya tairi na mguu.

Ndiyo maana mafundi huchora mstari mfupi wa rangi unaopita kutoka kwenye rimu hadi kwenye ubavu wa tairi. Mstari ukikatika, nusu moja ikawa huku na nyingine kule, tairi limeshateleza. Kwenye gurudumu lililofunikwa mstari huo nao umefichwa, lakini ukimulika tochi kupitia tundu la valvu utaona kitu kinachosema habari ile ile: shina la valvu lenyewe. Linapaswa kusimama wima katikati ya tundu lake. Likiwa limeinama na kuegemea ukingo wa rimu, usijaze upepo ukaondoka. Mwite fundi kabla ndege haijaruka tena.

Jambo la pili ni joto. Tairi lililolegea hukunjika na kukunjuka zaidi kwa kila mzunguko, na kukunjika huko huzalisha joto ndani ya tabaka zake. Ndege ndogo haitembei umbali mrefu ardhini, hivyo joto hilo kwa kawaida haliharibu tairi papo hapo, ila hulizeesha kutoka ndani. Kwenye ndege kubwa matokeo yake yameandikwa kwa msiba. Tarehe 11 Julai 1991, ndege kubwa ya abiria aina ya DC-8 iliyokuwa ikiwarudisha mahujaji kutoka Jeddah kwenda Sokoto, Nigeria, iliondoka ikiwa na matairi yasiyo na upepo wa kutosha. Mafundi walikuwa wamejua hali hiyo kabla ya siku hiyo. Tairi lililopungua lilimtwisha jirani yake mzigo, matairi yakapata joto na kupasuka wakati wa kuruka, na moto ukaingia ndani ya ndege baada ya magurudumu kukunjwa. Watu wote 261 walifariki. Cessna haikunji magurudumu, hivyo njia ile ya moto haipo kwake. Ninaitaja ajali hii kwa sababu moja: kipimo cha tairi kilikuwa kinajulikana, na ndege ikaruka hata hivyo.

Upepo kupita kiasi nao si usalama. Eneo la tairi linalogusa ardhi hupungua, breki hushika vibaya, ndege hudunda zaidi kwenye kutua, na jiwe la changarawe hukata kwa urahisi mpira uliokazwa. Rimu nayo hubeba nguvu ambayo haikutengenezewa.

Namba ipi ndiyo sahihi

Jina la ndege peke yake halitoshi. Cessna 172N yenye matairi ya kawaida hutaka psi 29 kwenye matairi makuu na psi 31 mbele. Cessna 172S, ambayo mtu asiyezoea ataiona kuwa ndege ile ile, hutaka psi 42 nyuma na psi 45 mbele. Anayebeba kichwani namba za ndege aliyojifunzia akazitumia kwenye nyingine anaweza kukosea kwa psi 13 au 14, na kwa tairi dogo hilo ni kosa kubwa.

Namba iko kwenye kitabu cha ndege husika. Ndege nyingi pia zina kibandiko karibu na gurudumu, lakini kwenye ndege zenye vifuniko nashauri kisomwe kwa tahadhari: vifuniko hupakwa rangi upya, hubadilishwa, hata huhamishwa kutoka ndege moja kwenda nyingine, na kibandiko husafiri navyo. Maandishi yaliyo ubavuni mwa tairi hueleza ukubwa wake na uwezo wake wa kubeba mzigo. Hayakuambii ujaze kiasi gani kwenye ndege yako.

Kama geji ya kompresa inasoma kwa bar, kumbuka kwamba psi 29 ni bar 2 kamili, na psi 42 ni bar 2.9.

Asubuhi, mchana na mlima

Hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa, na wana haki. Unajaza tairi mchana, kesho yake alfajiri geji inasoma pungufu, unadhani kuna tundu. Huenda hakuna.

Geji ya tairi hupima tofauti kati ya presha iliyo ndani ya tairi na ile ya hewa ya nje. Entebbe iko mita 1,153 juu ya usawa wa bahari, na Kajjansi iko kwenye kimo kinachokaribiana nacho. Kwa kimo hicho hewa ya nje husukuma kwa takriban psi 12.8, wakati pwani ya Mombasa husukuma kwa psi 14.7. Tairi lenye psi 29 kwenye geji pale Kajjansi lina jumla ya karibu psi 41.8 ndani yake, na ni hiyo jumla inayopanda na kushuka na joto. Chukua mchana wa nyuzi 28, halafu alfajiri ya nyuzi 16. Jumla itashuka hadi karibu psi 40.1, na geji itasoma kama psi 27.3. Psi 1.7 zimepungua bila hata tone la upepo kutoka.

Ongeza kimo. Ndege iliyopimwa Mombasa ikaja Entebbe siku yenye joto lile lile itasoma karibu psi 1.9 zaidi, kwa sababu hewa ya nje imekuwa nyepesi. Ikiendelea hadi Kisoro, mji ulio karibu mita 1,900 juu ya bahari, itaongeza nyingine kama psi 1.1. Ila Kisoro ni baridi. Tairi lililojazwa psi 29 Mombasa kwenye nyuzi 30, likapimwa Kisoro asubuhi ya nyuzi 12, litasoma karibu psi 29.4. Kimo kimeongeza, baridi imepunguza, na mtu anayetazama geji peke yake ataona kwamba hakuna kilichobadilika. Halafu ndege ile ikirudi bandani kwake, hesabu inaanza upya.

Kutokana na hayo yote, kanuni inayofaa ni fupi: pima tairi likiwa limepoa, pale ndege inapoishi, na ikiwezekana saa ile ile kila mara. Baada ya kutua subiri saa mbili au tatu. Usipunguze upepo wa tairi lenye joto ili geji ilingane na kitabu, kwa kuwa likipoa litakuwa pungufu. Asubuhi kabla ya ndege kutoka ndio wakati bora, na kwa bahati ndio wakati rubani anapoikagua ndege hata hivyo.

Kuifikia valvu

Sasa kazi yenyewe. Inataka watu wawili, tochi, geji nzuri na subira.

Kabla ya kuisogeza ndege hata kidogo, hakikisha swichi ya magneto, kifaa kinachotoa cheche za kuwasha injini, imezimwa na ufunguo umetoka, na uuweke mahali ambapo wote wawili mnauona. Hata hivyo ichukulie propela kana kwamba inaweza kuzunguka. Waya mmoja wa magneto ukikatika, injini yaweza kushika ghafla propela ikisogezwa kwa mkono hata swichi ikiwa imezimwa. Kwa hiyo hakuna anayeshika propela kuvuta ndege, na anayechuchumaa kwenye gurudumu la mbele hasimami wala kuinua kichwa ndani ya mzunguko wake. Sukuma kwenye nguzo ya bawa, karibu na maungio, au tumia fimbo ya kuvutia kwenye gurudumu la mbele. Gurudumu hilo la Cessna 172 lisigeuzwe zaidi ya nyuzi 30 kila upande.

Kifuniko huwa na tundu dogo upande wa nje, lililozibwa kwa kizibo cha plastiki au kimlango chenye skrubu. Fungua kwanza, ndipo msukume. Mmoja anasukuma, mwingine amechuchumaa pembeni na tochi akitazama ndani ya tundu. Utaona ubavu mweusi wa tairi, halafu rimu, halafu boliti inapita, nyingine inapita, kisha shina la shaba la valvu linatokea ukingoni.

"Kidogo. Kidogo tena. Simama! Umepitiliza, rudisha kama upana wa vidole viwili."

Tairi la ukubwa wa 6.00-6 lina kipenyo cha karibu sentimita 44, hivyo valvu ikianzia mahali pabaya kabisa mtaisukuma ndege kama mita 1.4 kabla haijafika tunduni. La mbele, la 5.00-5, linahitaji kama mita 1.1. Na magurudumu matatu hayakubaliani: valvu ya kushoto ikifika tunduni, ya kulia iko juu, ya mbele iko nyuma. Kila moja hutafutwa kivyake. Kwa gurudumu la mbele kuna njia nyingine: mtu mmoja hukandamiza mkia kwenye mwili wa ndege, mbele kidogo ya bawa dogo la nyuma, pua ikainuka na gurudumu likazungushwa kwa mkono. Asikandamize ncha za bawa hilo dogo wala sehemu zake zinazocheza.

Kero hii ya kutafuta ina dawa nyepesi. Siku valvu inapokuwa imekaa vizuri tunduni, chora mstari mwembamba wa rangi kwenye ubavu wa tairi pale unapokutana na ukingo wa chini wa kifuniko, upande wa mbele. Tangu hapo hutafuti valvu tena. Unasukuma ndege mpaka mstari uguse ukingo, na valvu itakuwa inakungoja. Siku mstari ukigusa ukingo na valvu isiwepo tunduni, tairi limeteleza juu ya rimu, na umelijua hilo kabla halijakata kitu. Ndege za mafunzo husukumwa kuingia na kutoka bandani kila siku; kuisimamisha kidogo njiani, mstari wa gurudumu moja ukiwa umefika, hakuongezi kazi kubwa.

Kichwa cha pampu ni kikwazo kinachofuata. Vile vichwa vikubwa vya kompresa za vituo vya mafuta havipiti tunduni, na hata vikipita havipati nafasi ya kupinda. Kinachofaa ni kichwa chembamba kilichonyooka chenye kishikio, au mrija mfupi laini unaofungwa kwenye valvu kwa kuzungushwa na kutoa mdomo wake nje ya kifuniko. Mrija huo hutolewa kazi ikiisha. Ukiachwa pale, utazunguka na gurudumu. Usiivute valvu kwa koleo ili ikutane na pampu, kwa maana shina lake ni la kulinda kuliko chochote kilichomo humo ndani.

Mrija wowote unapounganishwa huchukua kiasi kidogo cha upepo wa tairi ili ujae wenyewe, na tyubu ndogo huliona pengo hilo. Kwa hiyo kipimo cha mwisho kichukuliwe kwa geji fupi moja kwa moja kwenye valvu. Kisha rudisha kofia ya valvu. Kofia ni muhuri wa pili dhidi ya kuvuja na kinga dhidi ya vumbi la changarawe, na ni rahisi sana kuiangusha ndani ya kifuniko. Ikianguka itafutwe mpaka ipatikane.

Upepo utoke wapi

Pampu ya mguu inatosha kabisa. Tyubu hizi zina ujazo mdogo, na mara nyingi unachotafuta ni psi 2 au 3. Pampu ya mguu huongeza polepole, unasimama unapotaka. Kompresa kubwa ya karakana huweza kupitisha kiwango ndani ya sekunde chache, na geji yake mara nyingi imeshapigwa na maisha. Ukiitumia, jaza kwa vipindi vifupi na upime kwa geji yako mwenyewe. Na geji hiyo ikae ndani ya ndege, pamoja na mrija na kizibo cha akiba. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na geji iliyofungiwa ofisini Kampala haimsaidii rubani aliye mbugani.

Naitrojeni huulizwa sana. Ndege kubwa za abiria huitumia kwa sababu za moto: tarehe 31 Machi 1986 Boeing 727 ya abiria ilianguka Meksiko na kuua watu 167 baada ya tairi lililojazwa hewa ya kawaida kupata joto kali la breki iliyokuwa imeshika na kulipuka. Oksijeni iliyomo kwenye hewa ndiyo iliyolisha mlipuko. Mwaka uliofuata Marekani iliagiza naitrojeni kwa ndege za namna hiyo. Breki za Cessna hazifikishi tairi kwenye joto hilo katika matumizi ya kawaida, na hewa yenyewe ni naitrojeni kwa asilimia 78. Kama karakana inayo, ni kavu na safi, itumie. Ila mtungi wake huhifadhi presha kubwa mno, na kuuunganisha na tairi dogo bila kidhibiti cha presha ni hatari ya kufa.

Matope

Kuzunguka Ziwa Viktoria mvua kubwa hunyesha kati ya Machi na Mei, kisha tena kuanzia Septemba hadi Novemba. Kwenye kiwanja cha udongo mwekundu tairi hubeba tope na kulibandika ndani ya kifuniko, mzunguko baada ya mzunguko. Nafasi kati ya tairi na kifuniko ni ndogo. Tope likijaa na kukauka, gurudumu huzunguka kwa shida au hukataa kabisa, na uzito wake wote hauko kwenye hesabu ya ndege. Tope hilo pia huziba tundu la valvu, na mchanga wake huingia kwenye valvu isiyo na kofia.

Ndege inayofanya kazi viwanja vya udongo msimu mzima, kwangu mimi, haina haja ya vifuniko. Noti 2 hazilingani na gurudumu lililofungwa na tope, na tairi lililo wazi hukaguliwa kwa dakika moja. Ndege inayoishi kwenye lami, kama zile zinazotumia njia ya Entebbe au Soroti, ivae vifuniko vyake. Uamuzi wa kuvitoa upitie kwa fundi mwenye leseni, aandike uzito mpya, na rubani apunguze matarajio yake ya mwendo. Vikirudishwa, nafasi kati yake na tairi ikaguliwe upya, hasa kama tairi limebadilishwa, kwa sababu matairi ya ukubwa mmoja kwa maandishi hutofautiana kidogo kwa umbo.

Tairi linaloendelea kupungua

Watengenezaji wa matairi ya ndege huhesabu kupotea kwa hadi asilimia 5 ya upepo ndani ya saa 24 kuwa ndani ya kawaida. Kwa psi 29 hiyo ni karibu psi 1.5 kwa siku. Tyubu nzuri ya mpira wa butili hupoteza kidogo sana kuliko hapo, lakini hesabu hiyo inatosha kuonyesha kwa nini ndege iliyolala wiki mbili bandani haifai kuaminiwa kwa macho. Andika tarehe, saa, na namba tatu za geji kwenye daftari linalokaa ndani ya ndege. Baada ya kurasa chache tairi bovu litajitenga na wenzake lenyewe.

Likijitenga, anza na valvu: paka maji ya sabuni mdomoni mwake kupitia tundu la kifuniko uangalie mapovu. Kisindano cha ndani ya valvu hubadilishwa kwa dakika chache. Kama valvu ni nzima, tyubu ndiyo inayovuja, na hapo kazi hutoka mikononi mwa rubani. Fundi huipandisha ndege kwa jeki, hutoa kifuniko na gurudumu, kisha hutoa upepo wote kabla ya kugusa boliti zinazounganisha nusu mbili za rimu. Boliti hizo zikifunguliwa tairi likiwa na upepo, nusu za rimu hutengana kwa nguvu ya kuua mtu. Tyubu mpya ikishaingia hujazwa, hutolewa upepo ili mikunjo ijinyooshe, hujazwa tena, na hupimwa kesho yake asubuhi, kwa kuwa hewa iliyonaswa kati ya tyubu na tairi hutoka polepole usiku kucha na kuacha geji ikisoma chini ya ulichojaza.